Mkoa Mweupe

Ubao wa matokeo ulitundikwa kwenye ukuta wa mbele wa jengo la gazeti, juu kidogo ya mlango, mahali ambapo mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara aliweza kuusoma bila kukaza macho. Ulikuwa ramani ya nchi iliyokatwa kwa mbao nyembamba, vipande vinane, kila kipande mkoa mmoja. Kabla ya kila uchaguzi wa Bunge vipande vyote hupakwa rangi nyeupe. Matokeo yakishakamilika, mkoa hupakwa rangi ya chama kilichopata viti vingi zaidi: buluu kwa Daraja, nyekundu kwa Kengele, manjano kwa Ufunguo. Chini ya ramani huandikwa jumla ya viti vya kila chama, kwa tarakimu ndefu kama mkono wa mtu mzima.

Kanuni ya ubao ilikuwa moja tu. Mkoa haupakwi mpaka jimbo lake la mwisho litangazwe.

Kanuni hiyo haikuzaliwa na busara. Ilizaliwa na aibu. Chaguzi tano zilizopita, mhariri wa wakati ule aliona Daraja wanaongoza Kusini akaamuru mkoa upakwe buluu. Jioni hiyohiyo majimbo mawili yaliyobaki yakaangukia kwa Kengele na mkoa ukageuka. Wakapaka nyekundu juu ya buluu ambayo haijakauka, na Mkoa wa Kusini ukatoka zambarau, rangi isiyo na chama, ikabaki ukutani mwezi mzima kwa sababu ya mvua. Kwa miaka mingi baada ya hapo gazeti lilikuwa na jina la pili mjini. "Nipe Zambarau," watu walimwambia muuza magazeti, "nione leo wametunga nini."

Tangu hapo brashi ya ubao hukaa kwenye droo ya mkuu wa takwimu, na fundi rangi hapandi ngazi mpaka akabidhiwe brashi hiyo mkononi.

Mkuu wa takwimu wa uchaguzi huu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye shahada mbili za hesabu na miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Wenzake walimwita Desimali. Jina lilianza kama kejeli, kwa sababu hakukubali kamwe kukadiria. Mwandishi akileta habari kwamba maelfu ya watu walihudhuria mkutano, yeye aliuliza uwanja una upana gani. Alipogundua kwamba wanamwita hivyo, alisema tu, "Afadhali desimali kuliko sifuri," na jina likakaa.

Siku ya pili baada ya kupiga kura, saa nane mchana, ramani ilikuwa na mikoa saba yenye rangi. Kaskazini, Magharibi, Kati na Milimani ilikuwa buluu. Mashariki, Kusini na Mji Mkuu ilikuwa nyekundu. Ufunguo walikuwa na viti vitano tu, vitatu kati yake vya Milimani, na Magharibi ilikuwa imemchagua mgombea binafsi mmoja, daktari wa meno, ambaye watu walisema alishinda kwa sababu ndiye peke yake aliyewahi kuwaambia wafungue mdomo. Chini ya ramani iliandikwa jumla ya mikoa hiyo saba: Daraja 66, Kengele 61, Ufunguo 5, Binafsi 1.

Uliobaki mweupe ulikuwa Mkoa wa Bonde.

Bonde lilikuwa na viti kumi na saba. Kumi na vinne vilikwisha kutangazwa, vinane vya Daraja na sita vya Kengele. Majimbo ya Machimbo na Kivuko yalichelewa kwa sababu mvua ilikata barabara na masanduku yakalala njiani chini ya ulinzi. Jimbo la tatu, Njiapanda, lilikuwa likihesabu upya kwa ombi la wagombea wote wawili, jambo ambalo Desimali aliliona kuwa la kwanza la maana kufanywa na wanasiasa mwaka huo. Mgombea wa Kengele wa Njiapanda alikuwa daktari wa mifugo. Alikuwa pia mdogo wake Desimali wa tumbo moja, kitindamimba wa nyumba yao.

Mhariri mkuu aliingia chumba cha takwimu bila kugonga. Alikuwa mwanamume mrefu, nadhifu, ambaye hukunja mikono ya shati pale tu anapotaka watu waamini kwamba anafanya kazi. Safari hii mikono ilikuwa imekunjwa mpaka kwenye viwiko.

"Bonde," alisema. "Buluu."

"Bado majimbo matatu."

"Dada yangu, nane kwa sita. Televisheni wamepaka tangu jana usiku. Nchi nzima imeshalala na kuamka na Bonde la buluu, isipokuwa sisi."

"Basi hawatuhitaji."

Mhariri aliketi pembeni ya meza yake, juu ya karatasi. "Nisikilize. Saa kumi msafara wa Daraja unapita barabara hii. Mwenye gazeti amenipigia simu mwenyewe. Anataka wakipita hapa wakute ramani imekamilika. Hiyo si dhambi. Ni adabu."

Desimali alivuta karatasi yake kutoka chini ya paja la bosi, taratibu, kama mtu anayemtoa paka kitini.

"Kengele wakichukua yote matatu," alisema, "Bonde ni tisa kwa nane na ni jekundu. Daraja wakichukua moja, ni tisa kwa nane na ni la buluu, lakini kitaifa wana viti sabini na vitano, nusu ya Bunge, na nusu si wingi. Wakichukua mawili ndipo wanafika sabini na sita na kuunda serikali peke yao. Wewe unataka nipake jibu la tatu kabla ya swali la kwanza."

"Kila mtu anajua watachukua."

"Kila mtu alijua Kusini."

Hilo lilimchoma. Hakuna mhariri katika jengo lile aliyependa kukumbushwa Kusini. Alisimama, akanyoosha mkono. "Nipe brashi."

"Brashi inakaa kwa takwimu."

"Mimi ni mhariri wako."

"Najua. Kanuni imeandikwa na mhariri. Ukitaka kuifuta, andika ya kwako, weka sahihi, niibandike pale chini ya ubao watu waisome."

Hakuandika. Alitoka akiita fundi.

Fundi rangi alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyepaka ubao huo tangu siku za zambarau. Aliitwa, akasikiliza agizo la kununua brashi nyingine dukani, akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa.

"Mkuu, brashi za dukani siku hizi zinanyonyoka kama kuku mwenye kideri. Nikipaka nayo, Bonde litaota ndevu."

"Nunua ya bei kubwa."

"Hiyo nitatafuta," alisema fundi, na akaanza kutafuta kwa mwendo wa mtu anayefuata jeneza la mtu asiyemfahamu.

Desimali alifungua droo, akatoa brashi, akaitia kwenye mkoba. Akabeba kiti chake cha ofisini, akateremka nacho ngazi, akakiweka nje, mlangoni, chini ya Mkoa wa Bonde. Fundi alikuwa amesimama hapo kivulini, hajafika dukani wala hajaanza kwenda.

"Utaungua na jua, mwanangu," alisema.

"Jua halina chama."

Simu yake iliita. Alilitazama jina, akapokea.

"Dada," ilisema sauti ya kitindamimba, juujuu, kama mtu aliyepanda ngazi mbio. "Tumeshinda! Mawakala wangu wamejumlisha. Nimempita kwa kura mia mbili na kitu!"

"Na kitu ngapi?"

"Dada, jamani!"

"Msimamizi ametangaza?"

"Bado anahesabu. Lakini sikiliza. Vijana wangu hapa wanaona Bonde buluu kwenye televisheni, wanakata tamaa, wanaanza kwenda nyumbani. Wakiondoka, nani atalinda kura? Nyie ndio mnaaminika. Paka nyekundu. Hata kona tu, dada. Kona ya Njiapanda."

"Siwezi."

"Unaweza. Brashi iko kwako, mama aliniambia."

"Mama anasema mengi."

"Mimi ndugu yako!"

"Ndiyo. Ungekuwa si ndugu yangu ningekata simu zamani. Waambie vijana wako wakae mpaka karatasi ya mwisho, wasiangalie televisheni, waangalie meza. Na wewe umekula?"

"Chai."

"Kula," alisema, akakata.

Fundi alikuwa akikagua kopo la buluu kana kwamba hajawahi kuliona. "Sikusikia kitu," alisema.

"Umesikia yote."

"Yote, lakini sikusikia kitu."

Kufikia saa tisa barabara ilikuwa imejaa. Habari kwamba mkuu wa takwimu amekaa kwenye kiti chini ya ubao na brashi mkobani ilikuwa imefika sokoni na kurudi, imenenepa njiani: wengine walisema amejifungia, wengine walisema ana silaha. Mashabiki wa Daraja walisimama upande wa benki na vitambaa vya buluu. Wa Kengele walisimama upande wa duka la dawa. Katikati yao palikuwa na wale wa kila siku, wanaokwenda popote penye watu.

"We mama!" alipiga kelele kijana mmoja wa buluu. "Rangi imeisha au?"

"Majimbo hayajaisha," alijibu Desimali.

"Mnangoja nini sasa?"

"Barabara ikauke."

"Daraja lao si lingewavusha!" ilisema sauti kutoka upande wa duka la dawa, na upande huo wote ukaangua kicheko.

Mhariri alitoka nje. Alikuwa amevaa koti sasa. Aliuona umati, akaona ni bora aongee kwa sauti ya chini, lakini mlango ule ulikuwa na kuta mbili zinazorudisha sauti, na watu wa mbele walisikia.

"Inuka uingie ndani. Unatuaibisha."

"Ramani ikikamilika."

"Unajua wanachosema? Wanasema unamlindia ndugu yako."

"Nani anasema?"

Mhariri hakujibu kwa haraka, na kusita huko kulitosha kumjulisha kila aliyekuwa karibu nani alikuwa wa kwanza kusema. Neno likasambaa. "Kumbe ana ndugu Bonde!" "Mgombea?" "Wa Kengele!" Upande wa benki ukaanza kuzomea. Kijana wa buluu akaimba, "Dada mtu! Dada mtu!" na wenzake wakampokea kwa makofi.

Fundi alipiga hatua mbele, uso umemwiva. "Mnajua aliyempigia sasa hivi ni nani? Mnajua amemjibu nini? Mimi nilikuwa hapa—"

"Fundi," alisema Desimali.

"Lakini mwanangu, wanakuchafua."

"Hesabu haina haja ya shahidi wa tabia. Kaa."

Fundi alikaa juu ya kopo lake, akinung'unika kwamba kuna watu Mungu aliwaumba kwa rula.

Mhariri aliitazama saa yake. "Nakwambia mbele ya hawa wote. Saa kumi ikifika na mkoa ule bado ni mweupe, huna kazi hapa."

"Saa kumi utanikuta hapahapa," alisema Desimali. "Kama nina kazi au sina, hilo ni lako. Rangi ni yangu."

Upande wa benki ulizomea tena, lakini si wote.

Matokeo ya Machimbo yaliingia kwanza. Mwandishi wa gazeti aliyekuwa huko alipiga simu. Desimali alimsikiliza, akarudia kila tarakimu, akamtaka asome upya kutoka kwenye tangazo la msimamizi, si kutoka kwenye kiganja chake. Kisha akasimama juu ya kiti.

"Machimbo. Kengele."

Upande wa duka la dawa ulilipuka kwa shangwe. Muda mfupi baadaye redio ya kinyozi wa jirani ilithibitisha, na kabla kelele hazijatulia, Kivuko nayo ikaingia.

"Kivuko. Kengele."

Nane kwa nane. Sasa hata wale wasiojua kujumlisha walijua. Bonde zima lilikuwa limening'inia kwenye Njiapanda, na Njiapanda ilikuwa imening'inia kwenye ndugu yake Desimali.

Jambo la ajabu ni jinsi upepo ulivyogeuka. Wale wa buluu, waliokuwa wakitaka mkoa upakwe upesi, waligundua uzuri wa subira. Wale wa nyekundu, waliokuwa wakimpigia makofi kwa subira yake, wakaishiwa na yao. Mwanamke mmoja mwenye kitambaa chekundu alivuka barabara akamshika mkono.

"Dada, maliza sasa. Wa tatu ni wako mwenyewe. Damu nzito kuliko maji. Paka!"

"Haijatangazwa."

"Si ameshinda? Kila mtu anajua ameshinda."

"Leo ni mara ya pili naambiwa kila mtu anajua," alisema Desimali. "Wa kwanza alikuwa bosi wangu. Tafadhali niachie mkono."

Mwanamke alimwachia, akamwita msaliti. Kijana wa buluu, yule wa "dada mtu", akasikika akisema, "Mwacheni mama wa watu afanye kazi yake!"

Saa kumi ilifika. Msafara wa Daraja haukufika. Kwa mbali ulisikika ukisimama, kwa kuwa waliokuwa ndani ya magari nao walikuwa na redio. Mhariri alitoka mlangoni. Alikuwa amekwisha kusema mbele ya watu, na mtu wa aina yake huweza kuvunja kanuni lakini si kuvunja tamko.

"Basi," alisema. "Umejifukuza mwenyewe. Kabidhi brashi."

"Nitakabidhi ikiwa imetumika."

"Huna kazi hapa!"

"Nimesikia. Kwa hiyo kuanzia sasa nangoja bure."

Umati ulicheka, pande zote mbili, na Mhariri akabaki ameshika kitasa cha mlango wake mwenyewe kama mgeni.

Simu iliita wakati huohuo. Ilikuwa mwandishi wa Njiapanda. Desimali alisikiliza. Hakuna aliyeweza kusoma chochote usoni pake, na wengi walijaribu. Alirudia tarakimu. Akaomba zirudiwe. Akauliza kama wagombea wote wawili wamekubali hesabu ya pili, na kama msimamizi ametamka matokeo kwa mdomo wake mbele yao. Akasema asante. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa tena. Hiyo ndiyo ilikuwa dakika yake peke yake siku hiyo.

Akatoa brashi mkobani, akamkabidhi fundi mkononi.

"Buluu," alisema.

Fundi alimtazama. "Una hakika, mwanangu?"

"Kwa kura thelathini na moja."

Fundi alipanda ngazi. Alianza kona ya Njiapanda, kwa sababu ndiko ngazi ilikoegemea, na buluu ikatelemka juu ya weupe bila kuchanganyika na kitu. Upande wa benki ulipiga mayowe, ukarusha vitambaa, ukakumbatiana. Mwanamke wa kitambaa chekundu alisimama katikati ya barabara akiangalia juu, kisha akamwangalia Desimali, akafunga mdomo aliokuwa ameufungua.

"Sasa andika chini," Desimali alimwambia fundi. "Daraja sabini na tano. Kengele sitini na tisa. Ufunguo tano. Binafsi moja."

Mayowe yaliendelea kwa muda, kisha yakaanza kupungua mtu mmojammoja, kadiri macho yalivyoshuka kutoka kwenye ramani mpaka kwenye tarakimu.

"Sabini na tano kati ya ngapi?" aliuliza kijana wa buluu.

"Mia na hamsini."

"Kwa hiyo tumeshinda?"

"Mmeongoza."

"Nani kashinda, basi?"

"Hakuna aliyeshinda. Itabidi mzungumze na watu," alisema Desimali. "Anzeni na daktari wa meno."

Ndani ya jengo, mtambo wa kuchapa uliokuwa ukivuma tangu saa tisa na nusu ulinyamaza ghafla. Kila mfanyakazi aliyekuwa mlangoni alijua maana yake. Toleo maalumu lilikuwa limeshaanza kuchapwa, na kichwa chake cha habari kilisema Daraja wamepata wingi. Mhariri aliingia ndani mbio. Alipotoka tena koti lilikuwa halipo, na safari hii mikono ya shati ilikuwa na wino kweli.

Desimali hakumwona. Alikuwa kwenye simu.

"Umenipaka buluu, dada," ilisema sauti ya kitindamimba. Haikuwa juujuu tena.

"Ndiyo."

"Ulipaka wewe mwenyewe?"

"Fundi alipaka. Mimi nilimwambia."

Alisikia ndugu yake akipumua. Nyuma yake mtu alikuwa akikunja viti.

"Vijana walikaa mpaka mwisho," alisema kitindamimba. "Walikaa mezani, kama ulivyosema. Hakuna anayesema tumeibiwa."

"Hilo ni zaidi ya kiti."

"Usinifariji kwa hesabu, dada."

"Sijui kufariji kwa kingine. Njoo Jumapili. Nitapika, na hutazungumza siasa, utamtazama mbwa wa jirani, anachechemea."

Alicheka kidogo, bila kupenda. Walikata simu.

Mhariri alikuwa amesimama mbele yake. Alikohoa.

"Tumewahi kulizuia toleo," alisema kwa sauti ya chini. "Nakala chache tu zilitoka. Tunabadili kichwa." Aliangalia ubao, ambao fundi alikuwa akimalizia pembe ya mwisho. "Ni ramani safi. Kwa hiyo, Jumatatu, kama kawaida. Tusahau yale ya saa kumi."

Desimali alikuwa akifuta vidole kwa kitambaa chenye tapentaini, ingawa hakuwa ameshika rangi.

"Ulinifukuza wapi?" aliuliza.

"Unajua wapi. Hapa."

"Mbele ya nani?"

Mhariri alitazama barabara. Watu walikuwa bado hawajatawanyika. Pande mbili zilikuwa zimechanganyika sasa, wakibishana juu ya sabini na tano, wengine wakihesabu kwa vidole.

"Dada yangu, hii tunaweza kuiongea ofisini."

"Kule ofisini hukunifukuza. Ulinifukuza hapa, na ulisema namlindia ndugu yangu. Nirudishe hapa, na useme haikuwa kweli. Vinginevyo kiti hiki nakiacha mlangoni, na Jumatatu utafute mtu wa kukaa juu yake."

Fundi, juu ya ngazi, aliacha kupaka.

Mhariri alikunjua mikono ya shati lake, akaifunga vifungo. Kisha akageukia barabara na kusema maneno fulani, haraka, akiyaelekeza kwenye viatu vyake.

"Hatusikii!" alipiga kelele kijana wa buluu.

"Sauti!" alipiga kelele mwanamke wa kitambaa chekundu.

Siku nzima hawakuwa wamekubaliana juu ya jambo lolote. Sasa barabara nzima, toka benki hadi duka la dawa, ilikuwa ikidai kitu kimoja. Desimali alikivuta kiti chake nyuma kidogo, akampisha mhariri apande.